Wanafunzi wamtegemee Kristo, si kalamu zilizoombewa

Kabla ya mitihani ya kitaifa, shule nyingi nchini hutenga siku moja ya maombi. Wazazi huja kutoka mbali, watahiniwa huketi mbele wakiwa wamevalia sare zilizopigwa pasi, na mhubiri mgeni hupewa kipaza sauti. Sina ugomvi na desturi hiyo. Mimi ni Mkristo, nimefundisha kwa muda mrefu, na nimepiga magoti pamoja na wanafunzi wangu mara nyingi. Hata hivyo, liko jambo moja ambalo limenikera moyoni kwa miaka kadhaa, nami nimeona heri niliandike, hasa kwa kuwa lawama yake inaniangukia mimi kwanza.

Wakati huo nilikuwa katika kamati iliyoandaa siku hiyo katika shule moja ya bweni. Ni mimi niliyependekeza mhubiri. Nilikuwa nimezisikia sifa zake, wala sikujishughulisha kuuliza anafundisha nini. Alipofika aliomba aletewe makarai mawili. Watahiniwa wakaambiwa watie humo kalamu, rula na mikebe yao ya jometri, naye akavinyunyizia vifaa hivyo mafuta kutoka katika chupa ndogo aliyokuja nayo. Kisha akatangaza kwamba kalamu zile sasa zilikuwa na nguvu. Atakayeitumia yake kwa imani hatafeli, na atakayefeli na ajue kwamba imani yake ilikuwa na kasoro. Wazazi wakaombwa kutoa sadaka ya shukrani mapema. Nilipiga makofi pamoja na wengine.

Mwaka huohuo, asubuhi ya karatasi ya pili ya Hisabati, mvulana mmoja wa Kidato cha Nne alinijia mbio nje ya ukumbi wa mtihani. Alikuwa akitokwa na jasho ingawa kulikuwa na baridi. "Mwalimu, kalamu yangu imepotea," akasema. Nikatoa yangu mfukoni nikampa. Akaitazama, akatikisa kichwa. "Si ile, Mwalimu." Nilimsihi, nikamkumbusha mazoezi yote tuliyoyafanya pamoja, na hatimaye akaipokea. Lakini aliingia ukumbini akiwa mtu aliyekwisha kushindwa kabla ya kusoma swali la kwanza. Matokeo yalipotangazwa, alama zake zilikuwa za chini mno kuliko uwezo wake. Hakurudi shuleni hata kuchukua cheti.

Maneno yale, "si ile", hayajanitoka masikioni. Kijana yule alikuwa amefundishwa kutegemea kitu, na kitu kile kilipopotea, Mungu wake alipotea nacho. Wala si yeye aliyekosa. Sisi wakubwa ndio tuliomwekea kitu hicho mkononi na kumwambia kwamba utukufu wa Mungu umo ndani yake.

Wasomaji wa dini nyingine wataniwia radhi nikizungumza hapa kwa lugha ya imani yangu. Wanaoijua Injili watakumbuka kisa cha Yesu kugeuka sura mlimani. Petro, Yakobo na Yohana walimwona Bwana wao aking'aa, nao Musa na Eliya wakizungumza naye. Petro, kwa furaha iliyochanganyika na hofu, alipendekeza vijengwe vibanda vitatu: kimoja cha Yesu, kimoja cha Musa na kimoja cha Eliya. Luka anatuarifu kwamba Petro hakujua alichokuwa akisema. Je, kosa lake lilikuwa kumdharau Yesu? La hasha! Kosa lake lilikuwa kumheshimu Yesu kama mmoja kati ya watatu. Wingu likawafunika, sauti ikawaamuru wamsikilize Mwana, na mwishowe hapakubaki mlimani mwingine wa kutazamwa ila yeye. Musa na Eliya walikuwa watumishi wakubwa, lakini walikuja na wakaondoka. Ikiwa Torati na Manabii hawakupewa kibanda kando ya Kristo, sembuse kalamu ya shilingi ishirini?

Katika kisa hicho liko jambo jingine ambalo aghalabu tunalipita. Luka anasema kwamba mazungumzo ya watatu wale yalihusu kuondoka kwake Yesu, ambako kungetimia Yerusalemu. Yaani, kifo chake. Katikati ya nuru ile kuu, habari iliyozungumzwa ilikuwa habari ya msalaba. Yohana naye anaieleza saa ya Mwana wa Adamu kutukuzwa kuwa ndiyo saa ya chembe ya ngano kuanguka ardhini na kufa. Kwa hiyo atakaye kuutambua utukufu wa Mungu asiukodolee macho ule mwangaza pekee. Autazame pia mti ule nje ya mji, ambapo wapita njia walimcheka aliyekuwa juu yake.

Neno la Kiebrania linalofasiriwa "utukufu" lina asili yake katika maana ya uzito. Sisi Waswahili tunaielewa maana hiyo bila taabu, kwani husema "fulani ni mtu mzito" tukimaanisha kwamba ana cheo na heshima. Shida yetu ni mizani. Tunampima mtumishi wa Mungu kwa gari alilokuja nalo, kwa ukubwa wa umati unaomfuata na kwa nguvu ya sauti yake, kisha tunatangaza kwamba ni mzito. Wahenga walikwisha kutuonya kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Walimu wa Historia watakumbuka kwamba Martin Luther alitangaza hoja zake 95 mwaka 1517. Lakini kwa suala hili, hoja alizozitetea mjini Heidelberg mwezi Aprili 1518 ndizo zenye mafunzo zaidi. Humo alitofautisha mtu anayemtafuta Mungu katika fahari na mtu anayemtambua katika mateso na msalaba. Yule wa kwanza, kwa maoni yake, huishia kuuita uovu wema na wema uovu, ilhali wa pili hukiita kila kitu kwa jina lake. Nikitazama nyuma, naona kwamba siku ile ya makarai mimi nilikuwa yule wa kwanza. Niliuita ushirikina imani, kwa sababu tu ulihubiriwa kwa sauti ya juu na kwa jina la Yesu.

Najua kuna watakaonipinga. Watasema kwamba Yakobo aliwaagiza wazee wa kanisa wawapake wagonjwa mafuta, na kwamba katika Matendo ya Mitume vitambaa vilivyogusa mwili wa Paulo vilipelekewa wagonjwa wakapona. Ni kweli. Lakini Yakobo hakufundisha kwamba mafuta ndiyo yanayoponya, alimtaja Bwana. Paulo naye hakuweka meza ya kuuzia vitambaa. Isitoshe, Biblia yenyewe inatupa mfano wa kutisha. Nyoka wa shaba aliyeundwa na Musa jangwani aliundwa kwa amri ya Mungu, na waliomtazama walipona. Karne nyingi baadaye, Waisraeli walikuwa wakimfukizia uvumba nyoka huyohuyo. Mfalme Hezekia alifanya nini? Alimvunja vipande vipande. Ikiwa kitu kilichoagizwa na Mungu mwenyewe kiliweza kugeuka sanamu, tutasemaje juu ya kitu ambacho Mungu hakukiagiza?

Wala tusidhani kwamba hili ni suala dogo la kalamu na chupa za mafuta. Mnamo Aprili 2023 nchi nzima ilishtushwa na habari kutoka msitu wa Shakahola, katika Kaunti ya Kilifi. Miili zaidi ya 400 ilifukuliwa huko, mingi ikiwa ya watoto. Walikuwa wafuasi wa kundi ambalo mafundisho yake yaliwazuia watoto kwenda shule, na ambalo watu wake walifunga kula hadi kufa wakiamini kwamba wangekutana na Yesu. Sisemi kwamba kila anayenyunyiza mafuta anaelekea Shakahola. Nasema kwamba mlango ni mmoja. Siku mtu anapokubali kwamba hawezi kumfikia Kristo ila kwa kupitia mkono, kitu au amri ya binadamu fulani, amekwisha kuikabidhi akili yake, na hajui atakapoambiwa aikabidhi roho yake pia.

Nchi yetu imewahi kuwa na watu waliolielewa jambo hili vizuri kutushinda. Uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, ulifika Kenya katika miaka ya 1930 na kuenea sana Uanglikana na Upresbiteri wa Mlima Kenya. Hali ya hatari ilipotangazwa mwaka 1952, ndugu wengi wa uamsho ule walikataa kula kiapo cha Mau Mau, wakisema kwamba damu ya Kristo waliyoishiriki mezani pake iliwatosha. Wengi wao walikataa vilevile kubeba silaha za serikali ya kikoloni. Baadhi yao waliuawa. Mtu anaweza kubishana nao kuhusu siasa, kwani madai ya ardhi na uhuru yalikuwa ya haki. Hata hivyo, hakuna awezaye kusema kwamba imani yao ilikuwa ya kununulia mafanikio. Hawakuwa na kibanda cha pili cha kukimbilia.

Sisi je? Tuna vibanda vingi. Baada ya mtihani wa KCSE wa mwaka 2015, matokeo ya watahiniwa zaidi ya 5,000 yalifutwa kwa sababu ya udanganyifu. Mwaka uliofuata, Wizara ya Elimu ilipiga marufuku siku za maombi na ziara za wazazi katika muhula wa tatu, ikihofia kwamba nafasi hizo zilitumiwa kupanga wizi wa mitihani. Tafakari hayo, msomaji. Ibada ilikuwa imekuwa kitu cha kushukiwa na serikali, na sisi Wakristo hatukuwa na uso wa kulalamika. Mzazi anayemwombea mwanawe mchana na kumtafutia karatasi iliyoibwa usiku hana imani haba. Ana miungu miwili.

Yafaa nieleweke vyema. Sisemi kwamba Kristo ni kalamu nyingine, yenye nguvu kuliko ile iliyopotea. Mwanafunzi anayemtegemea Kristo ili apate alama ya A bado anaitegemea ile A, na Kristo amemfanya ngazi tu. Kumtegemea Kristo pekee ni kuamini kwamba thamani yangu mbele za Mungu ilikwisha kuamuliwa msalabani, na kwamba hakuna karatasi ya mtihani inayoweza kuipandisha wala kuishusha. Imani ya namna hiyo haileti uvivu. Anayeijua huweza kusoma kwa bidii kwa sababu hasomi kwa woga, na huweza kuiba lakini haibi, kwa sababu hana cha kuokoa kwa wizi.

Miaka kadhaa baadaye nilikutana na kijana yule. Alikuwa fundi wa pikipiki karibu na kituo cha matatu, mikono yake imejaa grisi. Tulisalimiana, nikamuuliza kama bado huenda kanisani, kwa maana hapo awali alikuwa kiongozi wa chama cha Wakristo shuleni. Akainama juu ya injini. "Mwalimu," akasema, "mimi nilipimwa nikaonekana mwepesi. Mhubiri alisema wazi." Nilimwambia kwamba mhubiri alikosea, na kwamba mimi niliyemleta nilikosea zaidi. Nilimwomba msamaha palepale kando ya barabara. Nikamwambia kwamba Injili niliyopaswa kumfundisha inasema kwamba sote tulipimwa tukaonekana wepesi, mhubiri na mwalimu wakiwemo, na ndiyo maana Mmoja aliye mzito alisimama mahali petu. Alinyamaza kwa muda. Kisha akaniambia kwamba atalifikiria, akaendelea na kazi yake.

Kwa hiyo nina ombi kwa walimu wenzangu. Siku ya maombi itakapokuja, tumuulize mhubiri kabla hatujampa kipaza sauti: atamwambia nini mtoto atakayefeli? Kama hana neno la mtoto huyo, basi hana Injili, hata angekuwa na mafuta ya kujaza pipa. Nanyi wanafunzi, ombeni, someni, mlale mapema, mwingie ukumbini na kalamu yoyote inayoandika. Ikiisha wino, inua mkono uombe nyingine. Kristo hakuwa ndani ya ile ya kwanza, wala hatakuacha kwa kuwa unaandika kwa ya pili.