Septrin na Malaria Huko Tororo

Aliyewahi kupangwa ulinzi katika mpaka wa Busia, au kuishi na jamaa yake katika kota za Tororo, hahitaji kuelezwa malaria ni nini. Wilayani Tororo ndiko wataalamu walikowapa Septrin kila siku watu wenye virusi vya UKIMWI, wakawa wakiwafuata majumbani kuwaangalia hali. Matokeo yalichapishwa mwaka 2004: vifo vilipungua kwa asilimia 46, na malaria kwa asilimia 72.

Hapo pana ajabu. Septrin ni dawa ya kuua bakteria, ilhali malaria huletwa na kimelea, kiumbe wa ukoo mwingine kabisa. Mshale uliolengwa kwa mmoja umempataje mwingine?

Siri imo katika chakula. Kila kiumbe huhitaji foliki ili seli zake zizaliane. Sisi huipata katika mboga za majani, maharagwe na maini. Bakteria wengi hujitengenezea wenyewe. Na kumbe kimelea cha malaria naye hufanya vivyo hivyo! Septrin ni dawa mbili katika kidonge kimoja, na kila moja huziba hatua yake ya kazi hiyo. Basi dawa imetuonyesha jinsi adui anavyoishi.

Doxycycline, ambayo askari wa majeshi kadhaa hunywa kama kinga, ina ajabu kubwa zaidi. Hiyo huharibu mitambo ambayo bakteria hutengenezea protini. Inamdhuru kimelea kwa sababu ndani yake mna kiungo kidogo chenye jeni zake, masalio ya mwani uliomezwa zama za kale. Kiungo hicho kikiharibiwa, kimelea hafi papo hapo. Hufa wazao wake. Kwa hiyo dawa hiyo peke yake hukawia mno kwa homa iliyokwisha kupanda.

Wako akina mama ambao, wakisikia haya, watakimbilia kopo la Septrin la mgonjwa wa nyumbani mtoto apatapo homa. La, hasha. Nchini Uganda vimelea wengi wamekwisha kuizoea Fansidar, dawa ipitayo njia ile ile ya foliki. Mtoto apimwe damu, na malaria ikionekana apewe dawa mseto zahanati. Na mgonjwa abaki na vidonge vyake, maana asipovinywa kinga yake hupungua.