Mlango wa Ufundi Usifungwe

Waajiri wa Tanzania hulalamika kukosa mafundi stadi. Papo hapo, baba aliyepunguzwa kazini azunguka kutwa bila ajira. Sheria ya mwaka 1994, iliyounda VETA, iliwatoza waajiri kodi ya kugharimia mafunzo ya ufundi. VETA huwapima pia mafundi waliojifunzia kazini, nao hupewa vyeti. Hayo ni mema, lakini hayatoshi. Mwenye umri wa miaka 40 hawezi kuwaacha watoto na njaa ili akae darasani mchana kutwa. Twadai masomo ya jioni yaongezwe, na posho ya kujikimu itokane na kodi hiyohiyo. Papa Yohane Paulo II alifundisha mwaka 1981 kwamba kazi ya mtu yatangulia mtaji. Elimu haina mwisho. Basi umri usiwe kufuli.