Hofu ya Mchezo na Hofu ya Darasani



Siku hizi wako watoto wa shule za msingi wanaokutana na michezo ya video ya kutisha katika simu za wakubwa wao. Baadhi ya walimu hupiga marufuku hata kuitaja. Kwa maoni yetu, mwalimu hana budi kuelewa kwanza ni kitu gani kinachotisha humo, kwani jambo hilo linahusu kazi yake mwenyewe.

Ufundi wa kutisha si mgeni kwetu. Mtu wa Newala, na jirani yake wa Masasi, anaijua ngoma ya vinyago ya Wamakonde, iitwayo midimu au mapiko. Kwa mila, mchezaji alifunikwa mwili mzima, na mtoto asiyepita jandoni aliambiwa kuwa yule si mtu bali ni mzimu. Sura ya kinyago ilitisha, lakini siri ilitisha zaidi. Mvulana alipotiwa jandoni alifunuliwa siri hiyo: ndani ya kinyago yumo mtu. Hofu yake ikageuka kuwa maarifa.

Michezo ya video hutumia ufundi wa namna hiyo. Kwanza, huficha. Silent Hill, uliotoka Japani mwaka 1999, umejaa ukungu, na mchezaji husikia redio ikikwaruza kabla hajaliona dubwana. Sikio hutangulia jicho, na akili hujaza kilichobaki. Pili, humpunguzia mchezaji nguvu. Katika Resident Evil wa mwaka 1996 risasi ni chache. Katika Amnesia: The Dark Descent wa mwaka 2010 hana silaha kabisa, ila kukimbia na kujificha. Tatu, mlango u wazi: mchezaji anajua kuwa huu ni mchezo, na aweza kuuzima atakapo. Pasipo hilo la tatu, mchezo hugeuka mateso.

Sasa tutazame darasani. Mwanafunzi amwogopaye mwalimu hajui fimbo itamwangukia lini, wala hana nguvu ya kujitetea. Na yeye hawezi kulizima somo. Mtoto huyo hanyoshi mkono hata kama jibu analijua, wala haulizi asichokielewa. Wako wasemao kuwa woga huleta adabu. Tunakubali kuwa huleta ukimya, lakini katika ukimya huo mwalimu hawezi kujua nani ameelewa na nani amepotea.

Basi tufanyeje? Mwalimu asimulie hadithi ya zimwi, anyamaze kidogo kabla zimwi halijatokea, kisha aulize: kitafuata nini, na mbona mnaogopa? Watoto wachore wanachokidhania. Asiyependa kusikiliza aruhusiwe kukaa pembeni bila kuchekwa. Katika madarasa ya juu, wanafunzi waeleze ni sauti gani iliyowatisha katika mchezo waliouona, na kwa nini mtengenezaji aliiweka pale. Watoto wadogo, ambao bado hawapambanui mchezo na kweli, wasiachiwe michezo hiyo, na wazazi waelezwe hivyo kwa upole.

Ni wajibu wetu kuhakikisha kuwa hofu inayoingia darasani ni ile ya hadithi, inayokwisha hadithi inapokwisha, na kwamba hakuna mtoto anayeogopa kuja shuleni kwa sababu yetu.