Mzee akishuka kwenye ndege, nani anapanda?

Vijana wenzetu wa Goma, Bukavu, Bunia, Lubumbashi na kila mji wenye diploma zinalala chini ya godoro,

Kuna ujumbe unatembea kwenye telefone zetu. Unasema: Marekani mapiloti wanazeeka, maelfu wanaenda retreti, nafasi ziko wazi, kijana changamka. Wengine wanaongeza namba ya kulipia fomu. Sehemu ya kwanza ni kweli. Sehemu ya pili ni mtego. Juu tuelewe tofauti, tuangalie vile kazi hiyo inatembea.

Piloti wa ndege za abiria hachagui siku ya kuacha. Shirika la kimataifa la usafiri wa anga, OACI, liliweka mwisho kwa miaka 65 mnamo 2006. Zamani ilikuwa 60. Marekani ikafuata Desemba 2007. Ukifikisha 65, hata kama macho yako ni mazima na mkono hautetemeki, unashuka.

Na mzee mmoja akishuka, si mtu mmoja anapanda. Kopiloti anakuwa komanda. Kiti cha kopiloti kinachukuliwa na piloti wa kampuni ndogo. Kiti cha huyo kinaenda kwa mwalimu wa shule ya mapiloti mwenye kutimiza saa 1,500 angani, saa zenye sheria ya Marekani inaomba tangu 2013. Mwalimu akitoka, mwanafunzi wa jana anakuwa mwalimu. Retreti moja, watu wanne wanasogea. Ni ngazi, na kila mtu anapanda kwa zamu ya mwaka wake wa kuingia kazini.

Ngazi hiyo inaweza kuganda. Waliposogeza umri kutoka 60 kwenda 65, wazee walibaki kwenye viti miaka mitano zaidi, na mgogoro wa pesa wa 2008 ukaja juu yake. Vijana wenye madeni ya shule walikaa chini wakiangalia. Mwaka 2020, wakati wa Covid, makampuni yalilipa wazee waende mapema. Muda mfupi baadaye yalikuwa yanatafuta mapiloti kila kona. Mwaka 2023 wabunge wengi wa kule walitaka umri ufike 67, lakini sheria ya Mei 2024 ikabakiza 65. Umri wa retreti unapanga maisha ya vijana, hata kama jina lao haliko ndani ya sheria.

Sasa sisi. Chini ya ngazi yetu kuna nini? Inchi ya kilomita za mraba zaidi ya milioni 2.3, mahali kutoka Goma ao Lubumbashi kwenda Kinshasa ndege njo bisi. Air Zaïre ilikufa 1995. Tangu 2006 Congo iko kwenye orodha nyeusi ya ndege ya Ulaya. Na masomo ya upiloti yanalipwa kwa makumi ya maelfu ya dola: mtoto wa mama muuza makala atayatoa wapi? Mzee wa Chicago akishuka, watu wanasogea Chicago. Haifiki Katindo wala Kadutu.

Hatusemi hivi juu ya kuvunja mtu moyo. Wenye kuuza ndoto wanatupeleka kutazama retreti ya wengine, wakati ya kwetu imekwama. Sheria ya 2016 ya watumishi wa serikali inasema: miaka 65, ao miaka 35 ya kazi, unaenda. Umri ule ule wa piloti! Lakini ingia kwenye shule na ofisi zetu: mwalimu amepita 70 na bado ameshika chaki. Juu gani? Juu akienda bila kulipwa, njaa itamuzika mbele ya mwaka kuisha. Huyo mzee si adui yetu, na hatutakubali mtu atugombanishe naye. Yeye anakalia kiti juu hajalipwa, sisi tunasimama inje juu yeye anakikalia. Ni deni moja, inatupiga wote wawili.

Na siku mzee anashuka kweli, kwetu hakuna zamu. Mtu anarushwa kutoka inje mpaka juu kwa karatasi ya mjomba. Piloti hawezi kuruka kwa rekomandasio: ndege itaanguka, wote wataona. Ofisi zinaangukaka polepole, njo maana hatusikii kishindo.

Kwa hiyo tunadai.

Moja. Serikali ina asilimia 51 ya Air Congo, yenye ilianza kuruka Desemba 2024. Asilimia 49 ni ya Ethiopian Airlines, yenye ina shule yake ya mapiloti Addis Ababa. Itangazwe: vijana wa Congo wangapi wametumwa kusoma, walichaguliwa kwa konkuru gani, nani anawalipia?

Mbili. Go-Pass ilipoanza 2009, msafiri alilipa dola 10 ndani ya inchi na dola 50 kwenda inje. Walisema ni juu ya kutengeneza viwanja vya ndege. Hesabu iwekwe wazi, na sehemu ya pesa hiyo isomeshe mapiloti, mafundi na waongozaji wa ndege, watoto wenye hawana mjomba.

Tatu. Mwenye kufikisha 65 alipwe haki yake yote, aende nyumbani kwa heshima. Kiti chake kitangazwe ukutani, kifanyiwe konkuru, na matokeo yabandikwe pale pale.

Kijana mwenzetu, mbele ya kutuma dola kwa namba ya mtu hujui, peleka maswali haya kwa mbunge wako. Akijibu, weka jibu hadharani. Akinyamaza, weka kimya chake hadharani, na jina la mji wake.

Sisi tutaendelea kuuliza, kwa amani, bila jiwe mkononi, mpaka ngazi isogee.