Msimdai Sheeler Watu, Mdaini Masizi

Kila jina la Charles Sheeler linapotajwa mbele ya wapenzi wa sanaa, hazipiti dakika tano kabla mtu hajauliza: watu wako wapi? Na swali lenyewe linaulizwa kwa sauti ya hakimu. Kiwanda kizima cha Ford, mabomba ya moshi, reli, matangi ya saruji, halafu hakuna hata kibarua anayefuta jasho! Basi kesi imekwisha, mchoraji ni kibaraka wa matajiri, tufunge faili twende nyumbani.

Mimi nasema kesi haijaanza, na walioifungua wamemshtaki mtu kwa kosa ambalo silo.

Kwa asiyemjua, Sheeler alizaliwa Philadelphia mwaka 1883 akafariki 1965. Alipaka rangi ya mafuta, akachora kwa chaki nyeusi, akapiga picha za kamera, na mwaka 1920 akatengeneza filamu fupi ya New York, Manhatta, pamoja na Paul Strand. Vitu alivyovipenda havikuwa vingi. Upande mmoja kuna mabanda ya wakulima wa Bucks County, kule Pennsylvania, yale makubwa ya mawe na mbao ya kuhifadhia nyasi na mifugo. Upande wa pili kuna viwanda. Maisha yake yote alipita njia hiyohiyo, huku na kule.

Sasa hebu tuanzie kwenye mabanda, maana hapo ndipo unafiki wa swali letu unapojitokeza. Mwaka 1917 alichora banda kwenye karatasi akaondoa karibu kila kitu. Hakuna ardhi wala anga. Zimebaki kuta na paa tu, zimeelea kwenye weupe wa karatasi. Mkulima hayumo, ng'ombe hayumo, hata uma wa kugeuzia nyasi hauonekani. Mbona hapo hakuna anayepiga kelele? Wanasema "utulivu", wanasema "usafi wa umbo", wanatikisa vichwa kwa heshima. Jamani, banda ni mahali pa kazi kama kiwanda kilivyo mahali pa kazi. Kuna watu waliamka alfajiri kwenye baridi ya Pennsylvania wakakamua maziwa humo, na wengine hawakuwa na shamba lao, walikuwa vibarua wa siku. Kama kufuta watu ni dhambi, basi ni dhambi kotekote. Ila shamba tupu linatupa raha na kiwanda kitupu kinatupa hatia, kwa hiyo tunamhukumu mchoraji kwa hisia zetu wenyewe.

Najua swali linatoka wapi. Wengi wetu tumelelewa kwa mizani ya fani na maudhui. Tumefundishwa kumtafuta mhusika mkuu, kisha wahusika wadogo, kisha dhamira, kisha ujumbe, na usipoupata ujumbe unatunga mmoja ili usikose alama. Ukiletewa ukuta na paa, unabaki na kalamu mkononi. Lakini shida hiyo ni ya mizani, si ya ukuta.

Halafu kuna Diego Rivera, ambaye huletwa kwenye mjadala huu kama fimbo. Ni kweli, Rivera alikichora kiwanda hichohicho cha River Rouge kwenye kuta za jumba la sanaa la Detroit, kazi ya mwaka 1932 hadi 1933, paneli 27, na kuta zimejaa wafanyakazi wenye mabega mapana wakivuta na kusukuma. Ni kazi kubwa, sina ugomvi nayo. Ila tuulizane: nani aliilipia? Edsel Ford, mtoto wa Henry. Na nani alinunua Classic Landscape ya Sheeler mwaka huohuo wa 1932? Edsel Ford huyohuyo. Mfuko ni mmoja. Kwa hiyo hoja ya "huyu alikula pesa ya Ford" haiwatenganishi hata kidogo.

Tena tarehe 7 Machi 1932, watu waliopoteza kazi waliandamana hadi kwenye mageti ya kiwanda kile kudai kazi na nafuu. Polisi na walinzi wa kampuni waliwafyatulia risasi. Wanne walikufa siku ile, wa tano akafariki baadaye. Rivera aliingia Detroit mwezi uliofuata, na kwenye kuta zake mashine zinakwenda, kila mtu ana kazi. Wale wa getini hawamo. Kwa hiyo ukijaza picha watu, bado hujawaweka watu wote. Wakati mwingine umati unaficha kuliko nafasi tupu.

Na si kweli kwamba nafasi ya Sheeler ni tupu kabisa. Iangalie American Landscape ya 1930 kwa makini. Kule kwenye reli kuna mtu. Mmoja! Mdogo kama sisimizi, ukiharakisha utampita. Mimi nikimwona yule namwelewa Ford kuliko nikitazama misuli yote ya Rivera. Kiwanda kile kiliajiri makumi ya maelfu, na kwa hesabu ya mwenye kiwanda kila mmoja wao alikuwa na ukubwa uleule wa sisimizi. Kama Sheeler alikusudia kusema hivyo au hakukusudia, hilo halinisumbui. Picha imesema.

Basi mimi ugomvi wangu naye ni upi? Ni masizi.

Mwaka 1927 kampuni ya matangazo ya N. W. Ayer ilimpeleka River Rouge. Ford alikuwa anaachana na Model T na kuleta Model A, alihitaji picha za kulitukuza jina lake. Sheeler alikaa pale kama wiki sita na kamera yake. Hiyo ni kazi ya tangazo kabisa, ya kulipwa, ya kumpendeza mteja. Ndani yake mnatarajia uongo, sivyo? Nendeni mkazitazame. Ile maarufu ya mikanda ya kusafirishia mizigo, inayopishana kama herufi X na mabomba manane ya moshi nyuma yake, ni picha ya chuma kizito, kilichochoka, chenye uchafu wake. Ile ya mashine ya kugandamizia vyuma ina mtu kabisa, kasimama kando ya dubwana lile, na unaona jinsi linavyommeza. Kamera haikuweza kumfuta, na wala mpigapicha hakumwambia asogee.

Miaka mitatu baadaye yuko huru nyumbani, hakuna mteja, anapaka rangi anavyotaka. Na hapo ndipo anapoanza kufagia. Maji ya mfereji kwenye American Landscape yametulia kama kioo cha kinyozi. Kuta zimenyooka, hazina doa. Moshi upo, lakini unapanda taratibu na kuungana na mawingu kana kwamba wametoka tumbo moja. Classic Landscape ndiyo imezidi: kile ni kiwanda cha saruji, saruji iliyotengenezwa kwa takataka za tanuri la kuyeyusha chuma! Aliyewahi kuishi jirani na kiwanda cha saruji anajua vumbi lile linavyokaa kwenye mabati, kwenye nguo ulizoanika, kwenye uji. Kwa Sheeler matangi yanang'aa kama nguzo za hekalu la Ugiriki, na jina la picha linakuambia uone hivyohivyo.

Hapa ndipo ninapomshika. Mtu akiondoka kwenye picha anaacha nafasi, na nafasi inaweza kuuliza maswali. Masizi yakiondoka hayaachi kitu. Yanaondoka na gharama yote: mapafu, maji ya mto, madirisha yasiyofunguliwa. Na cha ajabu, kazi aliyolipwa na mtu wa matangazo ndiyo iliyoyabakiza, na kazi ya uhuru wake ndiyo iliyoyaosha. Wanaoimba kwamba msanii akiwa huru lazima atasema kweli, wanijibu hilo kwanza.

Msinielewe vibaya, sisemi zichomwe. Zile kuta naweza kuzitazama mchana kutwa. Mstari wake una nidhamu ambayo wachoraji wengi wa leo, wa kumwaga rangi na kuandika maelezo kurasa tatu pembeni, wangepaswa kuionea wivu. Mchoro wake wa chaki wa 1931, Ballet Mechanique, wenye mabomba yaliyopinda, ni mzuri mno. Lakini uzuri huo ni wa nyumba iliyofagiliwa mgeni akija, na mimi nataka kujua taka zimetupwa wapi.

Kuna kazi zake za uzeeni ambazo walalamikaji hawazigusi kabisa. Mwaka 1946 alialikwa Andover, Massachusetts, akachora Ballardvale, kiwanda cha nguo kilichokwisha kuachwa. Miaka miwili baadaye akaenda Manchester, New Hampshire, akachora majengo ya Amoskeag, kampuni kubwa ya nguo iliyofilisika miaka ya 1930. Alizichora kuta zile kwa mkono uleule: tofali safi, kivuli kimenyooka, hakuna mtu. Mistari haikubadilika. Ila pale Ballardvale usafi ule ulikuwa kweli, kwa sababu moto ulishazimwa na waliokuwa wakiuchochea walishakwenda zao.