Ijue Nchi Yako: Ziwa Chala na Misitu ya Fighi

Katika milima ya Himalaya, nchi ya Nepal, liko ziwa liitwalo Gosaikunda, zaidi ya futi 14,000 juu ya usawa wa bahari. Kila mwaka, katika mwezi mpevu wa Julai au Agosti, maelfu ya Wahindu hulipandia kwa miguu ili waoge. Huamini kwamba Shiva, baada ya kunywa sumu ili auokoe ulimwengu, aliuchoma mlima kwa mkuki wake wenye ncha tatu, na maji yakabubujika.

Mtu wa Taita akisikia habari hizo hana haja ya kushangaa, kwa maana nchi yake nayo ina maji na mahali patakatifu.

Aanzaye safari Voi na ashike njia ya Mwatate. Hapo njia hugawanyika: moja hupanda Wundanyi, na nyingine huendelea Maktau hata Taveta. Milima ya Taita ina kilele cha Vuria, chenye kupita futi 7,200. Huko juu wazee wa zamani walitenga misitu iliyoitwa fighi, ambamo haikuwa ruhusa mtu ye yote kukata mti. Yamo pia mapango yenye mafuvu ya wazee. Marehemu alizikwa kwanza; baada ya muda fuvu lake lilifukuliwa kwa heshima na kuwekwa katika pango la ukoo wake, na jamaa walikwenda huko kuomba mvua na afya.

Mgeni asiende huko bila mwenyeji, wala asiguse kitu. Fuvu lile si kitu cha maonyesho. Ni babu ya mtu.

Ashikaye njia ya Taveta atafika Ziwa Chala, maili chache kaskazini ya mji, katika mpaka wa Kenya na Tanzania. Ziwa hilo limo ndani ya shimo la mlima wa moto wa kale, nalo halionekani mpaka mtu asimame ukingoni. Kina chake ni karibu futi 300. Wazee husimulia kwamba hapo palikuwa na kijiji cha Wamasai kilichozama, na kwamba zamani sauti za watu na ng'ombe zilisikika kutoka majini. Mwaka 2016 wataalamu walitoboa tope la chini ya ziwa kiasi cha futi 700, ili wasome ndani yake habari za mvua na ukame wa miaka zaidi ya 200,000.

Uzuri wa maji hayo usimdanganye mtu. Mwaka 2002 msichana mmoja Mwingereza aliuawa na mamba alipokuwa akiogelea humo. Yafaa kuwauliza wenyeji kwanza, na kuyatazama maji kutoka juu.

Wengi hudhani kwamba Chala hulishwa na theluji ya Kilimanjaro. Sivyo. Barafu ya mlima huo ilipungua kwa asilimia 85 hivi kati ya mwaka 1912 na 2007, na ziwa bado lipo. Maji yake hasa ni ya mvua inyeshayo katika msitu wa mlimani, ikazama ardhini na kutokea chini ya ziwa. Basi ukikatwa msitu, chemchemi itadhurika kuliko ikiyeyuka theluji.

Hapo ndipo ionekanapo busara ya wazee wa Taita. Misitu ya asili ya milima yao imebaki vipande tu, kama Ngangao, Chawia na Mbololo, na mashamba yamefika kando yake. Kijana wa leo huenda asiombe tena katika fighi, na dini yake ni hiari yake. Lakini mkulima wa bondeni bado hunywa maji yatokayo juu. Aliyeacha ibada ya babu yake asidhani kwamba ameruhusiwa kuchukua shoka.