"Ni riwaya tu" si jibu

Kuna jibu moja ambalo waandishi wa riwaya za kihistoria wamelizoea, na mimi nataka likome. Msomaji anasimama, anauliza mambo haya umeyatoa wapi, na mwandishi anatabasamu: hii ni riwaya tu, ndugu yangu. Watu wanacheka kidogo, kipaza sauti kinapelekwa kwa mwingine, na aliyeuliza anakaa chini kana kwamba ameropoka. Hakuropoka. Hapa Biryogo, mtaa wa Kigali, hilo ndilo swali la kwanza ambalo mtu mzima huuliza, na mwandishi asiyeweza kulijibu hajamaliza kazi yake.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba jibu lenyewe hutumiwa pale tu linapomfaa mwandishi. Siku ya tuzo anasifiwa kwamba ameandika ukweli wa Rwanda, kwamba amewasemea waliokufa, naye anapokea na kushukuru. Siku hiyo hasemi kwamba ni riwaya tu. Ukweli anaudai Paris na Brussels, mbele ya watu wasioweza kumsahihisha, kisha akifika Kigali, mbele ya watu waliokuwepo, anajificha nyuma ya ubunifu. Achague moja.

Wapo wanaosema kwamba Mnyarwanda anayeuliza "ni kweli?" hajui kusoma fasihi. Huo ni ufidhuli. Nchi hii imefundishwa kwa damu kuogopa hadithi isiyotaja ilikotoka. Mwaka 1863 John Hanning Speke, ambaye hakuwahi kukanyaga ardhi ya Rwanda, alichapisha kitabu cha safari yake na ndani yake akajitungia asili ya watawala wa ukanda wa maziwa makuu: eti ni wageni waliotoka Uhabeshi, jamii bora iliyowakuta wenyeji na kuwatawala. Ushahidi hakuwa nao. Wamisionari wakaichukua hadithi hiyo, watawala wakaifundisha shuleni, na katika miaka ya 1930 Wabelgiji wakaandika kabila kwenye kitambulisho cha kila mtu mzima. Desemba 1990 gazeti la Kangura likachapisha amri zake kumi dhidi ya Watutsi. Julai 1993 redio ya RTLM ikaanza kutangaza chuki hiyohiyo. Aprili 1994, mauaji ya kimbari yalipoanza, kitambulisho kilekile kilikuwa kinasomwa kwenye vizuizi vya barabarani, na aliyekisoma alikuwa ameshika panga. Tungo la mtu mmoja lilisafiri miaka mia moja na thelathini bila wa kuliuliza umetoka wapi. Sasa nani ana haki ya kutucheka tukiuliza?

Isitoshe, tumezoea kuuliza. Mahakama za gacaca za kuhukumu mauaji hayo, zilizofungwa Juni 2012, zilisikiliza kesi karibu milioni mbili, na watu wa kila mtaa walikaa wakisikiliza majirani zao wakieleza. Ulikuwepo? Ulisimama wapi? Uliona mwenyewe au uliambiwa? Mkulima asiyejua kusoma alijifunza kutenganisha aliyeona na aliyesikia. Hao ndio wasomaji wa riwaya zetu, wao na watoto wao. Mwandishi anayewaona kama wanafunzi wa kufundishwa maana ya ubunifu hajui anazungumza na nani.

Nasema haya nikiwa mpenzi wa riwaya, wala sitaki mtu anisomee kama adui wa kubuni. Anayedhani kubuni ni kudanganya akasome Notre-Dame du Nil ya Scholastique Mukasonga, iliyopata tuzo ya Renaudot mwaka 2012. Shule ile ya wasichana iliyo juu mlimani, karibu na chemchemi ya Nile, haipo kwenye ramani. Mukasonga mwenyewe alisoma Notre-Dame de Cîteaux, hapa Kigali, na mwaka 1973 alilazimika kukimbilia Burundi kama wanafunzi wengi wa Kitutsi. Ndani ya riwaya yupo Gloriosa, binti wa mkubwa wa chama, anayechukia pua ya sanamu ya Bikira Maria kwa kuwa anaiona ya Kitutsi. Anakwenda na mwenzake kuivunja ili aweke nyingine. Wanarudi usiku wamechafuka matope, na wanapoulizwa, Gloriosa anabuni papo hapo: tumevamiwa na Inyenzi, waasi wa Kitutsi. Uongo wa kukwepa adhabu. Mkuu wa shule anauamini, wanajeshi wanaitwa, na kabla ya riwaya kwisha wasichana wa Kitutsi wanawindwa. Tazama alichofanya mwandishi huyu: amebuni shule, amebuni sanamu, amebuni msichana, na kwa vitu vitatu vya kubuni ameonyesha jinsi uzushi unavyogeuka kuwa amri ya kuua. Ukimuuliza ameyatoa wapi, jibu analo: 1973 aliiishi. Riwaya iliyojengwa hivyo haiogopi swali.

Nimeiona nyingine inayoliogopa. Mwandishi mmoja, simtaji, alikuja kusoma sura ya riwaya yake katika mkutano mdogo mjini hapa. Sura ilihusu ua mmoja wa mtaa wetu, watu wamefichwa ndani, usiku wa Aprili. Alisoma vizuri, sikatai. Alipomaliza, mama mmoja aliyejifunika ushungi wa kijani akainuka taratibu, akasema: "Mwanangu, umesoma kwamba mwenye nyumba alisukuma komeo la lango akaondoka zake. Basi komeo umeliweka nje. Malango yetu komeo huwa ndani, na ukilifunga kwa nje hujamficha mtu, umemfungia. Ulitaka kusema mwenye nyumba yule aliwafungia wale watu?" Ukumbi wote ulinyamaza. Swali lile lilikuwa na uzito wa kesi nzima, maana aliyeficha na aliyefungia walisimama mbele ya gacaca kwa njia mbili tofauti kabisa. Mwandishi akajibu: "Mama, hii ni riwaya tu." Mama akakaa.

Mimi sijakaa. Komeo ndilo riwaya yenyewe! Kama mwandishi aliliweka nje kwa makusudi, basi amemshitaki mtu na atuambie. Kama aliliweka nje kwa sababu hakuwahi kuegemea lango la Biryogo, basi aseme hivyo, aahidi kulirekebisha katika chapa ijayo, na amshukuru mama. Majibu yote mawili ni ya heshima. Lile alilolitoa halikuwa jibu, na lilimdhalilisha mtu pekee ukumbini aliyekuwa amesikiliza kila neno.

Wanaojua kazi hii walishaonyesha njia. Ebrahim Hussein alipotoa tamthilia yake ya Kinjeketile mwaka 1969, aliweka utangulizi unaomwambia msomaji kwamba Kinjeketile wa jukwaani ametokana na fikra zake, asichukuliwe kuwa ndiye yule mtu wa Ngarambe ambaye Wajerumani walimnyonga 1905 Maji Maji ilipoanza. Je, tamthilia ilipungua nguvu kwa kusema hivyo? Inasomwa mpaka leo. Adam Shafi katika Kuli alimtunga Rashidi, lakini mgomo wa makuli wa 1948 bandarini Unguja hakuutunga, na mzee wa bandarini angeweza kumuuliza lolote kuhusu mizigo na mishahara.

Na yupo Boubacar Boris Diop wa Senegal, ambaye kwangu ni kipimo. Mwaka 1998 waandishi wa Kiafrika waliletwa Rwanda katika mradi wa kuandika kwa ajili ya kumbukumbu, ulioandaliwa na Nocky Djedanoum. Diop alikaa, akawasikiliza manusura, akaenda Murambi ambako makumi ya maelfu ya watu waliuawa katika shule ya ufundi. Riwaya yake iliyotoka mwaka 2000 inabeba jina la mahali hapo. Daktari Karekezi, baba aliyepanga mauaji, ni wa kubuni. Shule si ya kubuni, wala mifupa. Kisha Diop akafanya jambo ambalo wengi hawathubutu: akasema hadharani kwamba riwaya yake ya 1997, aliyoiandika kabla hajafika huku, iliigusa Rwanda kwa ujinga wa mtu aliyefuata habari za televisheni. Hakuna msomaji aliyemlazimisha. Alijiuliza mwenyewe swali la mama wa komeo, akalijibu. Rwanda ilimbadilisha kiasi kwamba riwaya yake iliyofuata, Doomi Golo, aliiandika kwa Kiwolof, lugha ya mama yake.

Najua hoja itakayoletwa: shahidi lazima alindwe. Nakubali kabisa. Badilisha jina, badilisha kazi yake, hamisha nyumba kutoka Biryogo uipeleke Rwezamenyo. Mama aliyekueleza alivyobakwa hana deni la kutambulishwa kwa mtu yeyote. Lakini kuficha jina la shahidi ni jambo moja, na kuficha kwamba kulikuwa na shahidi, ukajipa sifa ya kuyawaza yote peke yako chumbani, ni wizi. Nimesikia simulizi za wazee wa mtaa huu zikirudi zimechapishwa, zimefungwa vizuri, na wazee wenyewe hawakupelekewa hata nakala moja.

Na sisi wa Biryogo tusijifanye malaika. Tuna kosa letu, nalo ni kuuliza pale tu tunapochorwa vibaya. Mtaa huu ulikua kutokana na watu waliofuatana na Wajerumani baada ya Richard Kandt kuanzisha Kigali mwaka 1907: askari, wapagazi, makarani, wafanyabiashara kutoka pwani na Tabora. Tunapenda kuhadithia wafanyabiashara na msikiti wa Al-Fatah wa mwaka 1913. Askari tunawaruka. Abdulrazak Gurnah hakuwaruka. Katika Afterlives ya mwaka 2020 anatuingiza ndani ya jeshi la Wajerumani pamoja na Hamza, tuone kipigo na vijiji vilivyochomwa. Mwisho wa mhusika mwingine, Ilyas, anayefia katika kambi ya Wanazi ya Sachsenhausen, unafanana mno na wa Mahjub bin Adam Mohamed, mzaliwa wa Dar es Salaam aliyekuwa askari mtoto na kufia kambi hiyo mwaka 1944. Riwaya ya babu zetu wa Kigali waliovaa sare ileile, nani ataiandika, na je, tutamvumilia akiiandika?

Vivyo hivyo 1994. Ni kweli kwamba Waislamu wengi wa mtaa huu waliwaficha Watutsi majumbani na misikitini, na ni fahari ambayo hatutakubali ipokonywe. Filamu iitwayo Kinyarwanda, ya Alrick Brown, ilijengwa juu ya fahari hiyo, na mwaka 2011 ikapata tuzo ya watazamaji huko Sundance. Tulipiga makofi. Lakini Hassan Ngeze, mhariri wa Kangura aliyehukumiwa Arusha mwaka 2003, naye alikuwa Mwislamu. Mwandishi atakayekuja kutuuzia Biryogo isiyo na mwoga wala msaliti hata mmoja aulizwe kwa ukali uleule: umeitoa wapi? Sifa isiyo na ushahidi inawaibia walioficha watu kweli, kwa sababu inafanya ujasiri wao uonekane tabia ya mtaa mzima, kama vile haukuwagharimu kitu.

Kwa hiyo nadai mambo yafuatayo, na wachapishaji wasikie pia. Kila riwaya ya kihistoria inayohusu nchi hii iwe na kurasa mbili mwishoni, kwa maneno ya kawaida: hiki kilitokea, huyu nimemtunga, hapa nimebadilisha mwaka kwa sababu hii, hawa walinisimulia na wengine nimewaficha kwa ombi lao. Kurasa mbili hazimuui mhusika yeyote. Na mwandishi akija kusoma, asiishie hotelini. Aje huku, ambako barabara imefungwa magari na kupakwa rangi, akae kwenye viti vya plastiki pamoja na wauza vipuri na mama wa sambusa, na azungumze kwa lugha tunayoitumia. Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda tangu 2017, na huku kilikuwa rasmi kabla bunge halijakaa. Paradise ya Gurnah ilitoka 1994; msomaji wa Kiswahili aliipata kama Peponi, kwa tafsiri ya Ida Hadjivayanis, mwaka 2022, baada ya tuzo ya Nobel. Miaka ishirini na minane wazungumzaji wa lugha ya wahusika wenyewe walikuwa nje ya mazungumzo. Manusura aliyekuwa na miaka arobaini mwaka 1994 sasa amepita sabini. Huyo hawezi kusubiri tafsiri ya miaka ishirini na minane ili aseme komeo liko wapi.

Saa nzuri ni baada ya swala ya alasiri. Mwandishi alete nakala za kutosha kwa waliomsimulia, na asipange kuondoka kabla ya isha, kwa sababu maswali ni mengi.